Nusu Chupa ya Kuamsha Mizabibu

Katika shamba la Mama Fortunée kulikuwa na sheria moja, na kila aliyekuja kufanya kazi aliambiwa kabla hajapewa mkasi: mizabibu ya hapa huamshwa kwa kitunguu saumu. Ile dawa kali haigusi mti, haigusi mkono, haivuki ua. Sheria hiyo aliitangaza yeye, akaisimamia yeye, na aliyeivunja kwanza ni yeye, kwa maana nusu chupa ya dawa ile ile ilikuwa ghalani mwake, juu ya ukuta, pale ukuta unapokutana na mabati, imefungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji.

Mtu anayekataza kitu kisha akakitunza, hajakikataza. Amekiahirisha tu.

Mzabibu si mti wa Kalemie, mji ulio kando ya ziwa, ng'ambo ya Kigoma. Kule Kirungu alikozaliwa Mama Fortunée, juu katika milima ya Marungu, baridi huulaza mzabibu kama inavyomlaza mtu, na baridi ikipungua unaamka wenyewe. Vile vifundo vidogo vya kwenye tawi, ambavyo wenye kazi huviita macho, vinafumbuka pamoja. Kando ya ziwa mambo ni mengine. Joto haliuachi mzabibu ulale usingizi wa kweli, kwa hiyo nao hauamki kuamka kwa kweli. Unasinzia. Jicho hili linafumbuka leo, lile baada ya majuma, lingine halifumbuki kabisa, na mwishoni tawi moja lina zabibu zilizoiva, zabibu mbichi na mahali patupu.

Ndiyo sababu ya dawa. Marehemu mume wake, Papa Germain, aliijua tangu ukimbizini. Vita vilipomvusha ziwa, hakukaa Kigoma. Aliendelea mpaka Dodoma, akaajiriwa katika mashamba ya zabibu, na aliporudi Kalemie alibeba vipande vya miti vilivyofungwa kwa gunia bichi, pamoja na ufundi wake. Unapogoa, kisha unapaka dawa kwenye macho, na baada ya muda mfupi shamba zima linafumbuka kama darasa lililosikia kengele. Wafanyabiashara wa Kigoma walimletea chupa. Alipaka kwa glavu, akafunga kitambaa puani, na wakati wa dawa hakugusa pombe.

Mara moja tu aliigusa. Ilikuwa sherehe ya ubatizo wa mtoto wa jirani, siku chache baada ya kupaka. Wakamwambia glasi moja haiui. Akanywa nusu ya glasi ya bia, na kabla muziki haujabadilika alikuwa chini, uso umeiva, macho mekundu, moyo unampiga kwa nguvu mpaka shati likawa linatikisika juu ya kifua. Mama Fortunée alishika mkono wake njia nzima mpaka hospitalini, na mapigo yale yalimwingia yeye mwenyewe. Daktari akamweleza kwa maneno mepesi: dawa hii inaingia kupitia ngozi na pumzi, inakaa mwilini, na inafunga njia ambayo mwili unatumia kuisafisha pombe. Ukinywa hata kidogo baada yake, pombe inageuka sumu ndani yako.

Germain alipona. Aliacha bia, hakuacha dawa. Miaka miwili baadaye malaria ilimchukua, akabaki Mama Fortunée na shamba, na binti yake Lydie, na nusu ya chupa ya mwisho.

Angeweza kuimwaga. Lakini kuimwaga wapi? Kwenye mto Lukuga wanakunywa watu na wanavua samaki. Kuichimbia shimoni, kisima kiko karibu. Hizo ni sababu za kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu: moyoni alijua kwamba mwaka mmoja kitunguu saumu kinaweza kumshinda, na siku hiyo atataka kujua kwamba chupa iko. Mara mbili Lydie alimuuliza, "Mama, ile chupa ya papa bado iko?" Mara zote mbili alimjibu, "Acha maneno ya chupa."

Kazi ya kitunguu saumu aliipata kutoka kwa Germain mwenyewe, aliyewahi kumsimulia kwamba kule Dodoma kuna watu walioijaribu wakafanikiwa. Dada yake alimtumia vitunguu kutoka Kirungu, vile vidogo vikali vinavyochoma puani, vikashuka mpaka bandari ya Moba na kupakiwa kwenye boti. Kabla ya kupogoa alinyima miti maji, akapukusa majani yote kwa mkono ili mti udhani msimu umekwisha. Kisha akavitwanga vitunguu, akakamua maji yake, akachanganya na mafuta kidogo ya kupikia ili yashike, na siku ile ile ya kupogoa akapaka kila jicho kwa brashi. Yalifumbuka. Si yote, na si haraka kama kwa ile dawa, lakini yalifumbuka, na mtu aliyeyapaka aliweza kwenda nyumbani kunywa atakacho na kumbeba mtoto wake.

Kilichoharibu mambo ni mvua ya mwaka uliotangulia. Iliwahi, ikakuta vichala vya mistari ya chini havijaiva, vikaozea mtini. Mistari hiyo ilikuwa ya Évariste, mdogo wake Germain. Baada ya msiba familia ilikaa na kuamua: juu alime mjane, chini alime shemeji, na kazi ya kupogoa wafanye pamoja. Évariste aliziangalia zabibu zake zilizooza, akasema neno ambalo Mama Fortunée hakulisahau.

"Shemeji, weye unaamsha mizabibu kama unaamsha mgonjwa. Polepole, polepole, mpaka njaa inafika mbele."

Mwaka huu walipogoa mvua zilipokwisha, kiangazi kilipoanza kukausha majani ya kilimani. Walikuja watu wawili wa kusaidia: Papa Bénit, mtu wa makamo mwenye mdomo usiochoka, na Toussaint, jirani, mtu mkimya mwenye mabega ya kubeba magunia bandarini. Asubuhi Mama Fortunée na Lydie walitwanga vitunguu uani mpaka machozi yakawatoka.

"Mama Fortunée," Bénit akaita kutoka mistari ya juu, "mwaka huu zabibu zako hazitahitaji chumvi! Muntu anakula na nyama, basi."

"Bénit, nimekupa brashi upake macho ya mti. Sikukuambia ufumbue mdomo wako."

"Nao umelala, Mama. Njo maana naupaka saumu kusudi uamke."

Walicheka. Hata Toussaint alicheka. Évariste peke yake hakucheka. Mama Fortunée alimwona akienda ghalani.

"Unatafuta nini, shemeji?"

"Kamba. Kamba ya kufungia matawi."

Kamba ilikuwa imening'inia mlangoni, mahali pa siku zote. Alimwona akiipita, akaingia ndani. Alikaa humo kwa muda, akatoka ameshika ndoo iliyofunikwa kwa gunia, akateremka kwenye mistari ya chini alikokuwa Toussaint.

Hapo ndipo woga ulipomwingia, na hapo ndipo alipokosea. Alihitaji tu kubeba kinu mpaka ghalani, kusimama juu yake na kunyoosha mkono. Hakwenda. Aliogopa kunyoosha mkono na kukuta patupu, kwa sababu akikuta patupu ingembidi aseme, na akisema ingembidi aeleze kwa nini chupa aliyoikataza ilikuwa kwake. Akaendelea kutwanga. Mchi ulipanda na kushuka, na kila aliposikia sauti kutoka chini alisimama kusikiliza kama ni sauti ya kazi au ya kitu kingine.

Jua lilipopungua nguvu, kazi ilikwisha. Évariste aliacha ndoo yake kando ya pipa la maji. Mama Fortunée, ambaye hajawahi kuacha chombo kichafu kilale, aliichukua akaisuuza kwa mikono yake mitupu. Aliinamisha uso. Ndoo ile haikunuka saumu. Ndoo ya Bénit ilinuka hata kwa mbali, brashi zilinuka, Lydie alinuka mpaka nywele. Ndoo ya Évariste ilikuwa kama ndoo iliyobeba maji ya mvua. Alijiambia kwamba maji yameondoa harufu. Alijiambia mara ya pili, kwa kuwa ya kwanza hakuisadiki.

Sasa ikafika saa ya kikombe. Mtu akikulimia au akikupogolea kwa siku nzima, haondoki na koo kavu. Unampa kikombe cha kazi. Na mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza mbele ya macho ya wote, kisha anamimina. Watu hawaonji kwa kiu. Wanaonja kwa sababu ya karuho, sumu ambayo watu wanaamini adui hukutilia kikombeni kwa ukucha. Ukionja, umesema: nyumbani kwangu hakuna karuho. Lakini Mama Fortunée hakuwa amegusa pombe tangu siku ile ya ubatizo, kwa hiyo kwake onjo lilifanywa na Évariste. Kila mwaka alionja shemeji.

Lydie akaleta dumu la lutuku, ile pombe kali ya mahindi na mihogo, na vikombe vya plastiki. Daniella, mke wa Toussaint, alikuwa amefika kumchukua mumewe, na majirani wengine walikuwa ukingoni mwa ua wakipiga soga.

"Shemeji, onja," alisema Mama Fortunée.

"Leo tumbo langu si zuri," Évariste akajibu. "Wanywe tu. Siye ni watu wa nyumba moja, kwani kuna mgeni hapa?"

"Heee!" Bénit akadakia. "Évariste anakataa lutuku? Basi kesho ziwa linakauka." Akachukua kikombe chake, akakimaliza, akafuta midomo. "Mbona ni tamu! Toussaint, kunywa, usiogope mke."

Toussaint akanywa. Alikunywa kama mtu aliyebeba ndoo mchana kutwa, kikombe kizima kwa mkupuo mmoja, akaomba cha pili, akafika nusu.

Mama Fortunée alimwangalia Évariste. Évariste alikuwa amepokea kikombe kwa adabu, amekishika mkononi, kimejaa mpaka ukingoni. Hakukipeleka mdomoni. Alikuwa akiiangalia shingo ya Toussaint.

Naye akaiangalia. Mabaka yalikuwa yamepanda kutoka kifuani kuelekea masikioni, kama moto wa nyikani unavyopanda mlima. Uso ukavimba na kuiva. Macho yakawa mekundu. Toussaint akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu asiyetaka kukivunja, akasema, "Mama... moyo," akaanguka kifudifudi.

Daniella alipiga yowe ambalo lilileta mtaa wote.

"Wamemtilia! Wamemuua bwana wangu! Karuho! Hakuonja! Mumeona wote, yule mama hakuonja!"

"Hakuonja," sauti nyingine ikasema nyuma. "Hata shemeji yake amekataa."

Watu walijaa uani kuliko alivyodhani ua wake ungeweza kubeba watu. Mtu alikuwa ameokota jiwe. Hakulitupa, alilishika tu, na hilo lilitisha zaidi. Lydie alimkumbatia mama yake kiunoni.

"Hii si karuho!" Mama Fortunée akapaza sauti. "Nisikieni! Njo ile dawa!"

Laiti angechagua neno jingine. Kwake dawa ilikuwa chupa, mizabibu, Dodoma, daktari. Kwao, katika saa ile, dawa ilikuwa kitu kimoja tu.

"Amesema mwenyewe! Dawa!"

"Amekiri!"

"Dawa ya miti!" alipiga kelele. "Ya kuamsha mizabibu! Iliingia mikononi mwake mchana, haimo kikombeni! Mpelekeni hospitali sasa hivi, muambieni daktari dawa ya mizabibu na pombe! Évariste! Waambie! Umeitoa ghalani, waambie!"

Évariste alikuwa amesimama na kikombe chake kilichojaa.

"Sikutoa kitu," akasema, kwa sauti ya mtoto.

Bénit, ambaye mzaha wote ulikuwa umemtoka, alikuwa tayari amemwinua Toussaint pamoja na kijana mwenye pikipiki. Walimkalisha katikati, Bénit akapanda nyuma akimshikilia, wakatoka. Daniella hakuwafuata. Alibaki mbele ya Mama Fortunée, akaokota kikombe cha mumewe chenye nusu iliyobaki, akakinyoosha mbele.

"Kama haimo kikombeni," alisema, "kunywa."

Watu wakasogea karibu waone.

Ilikuwa haki kuombwa hivyo. Kila aliyekuwepo angeomba hilo hilo. Mama Fortunée alinyoosha mkono kupokea, na mkono ulikuwa umekaribia kabisa kikombe, alipoikumbuka ndoo. Aliikumbuka ndoo isiyonuka, na maji yake yakipita kati ya vidole vyake. Hakujua ni kiasi gani kimemwingia. Huenda si kitu. Huenda ni cha kutosha. Aliona yote kwa mara moja: akinywa na asianguke, ameokoka, akinywa akaanguka, Daniella atakuwa ameshuhudia mbele ya mtaa mzima kwamba kikombe kile kina sumu, na lile jiwe halitabaki mkononi, na Lydie amesimama hapa hapa. Alikumbuka shati la Germain likitikisika juu ya kifua.

Mkono ulisimama. Kisha ukarudi.

Sauti iliyotoka kwa watu haikuwa yowe. Ilikuwa pumzi, kama ya mtu aliyethibitishiwa jambo.

"Nilisuuza ndoo," alisema. "Mikono yangu nayo ina dawa." Lakini kila neno lililosema dawa lilikuwa linamzamisha.

Kilichomwokoa hakikuwa maelezo. Kapita, kiongozi wa mtaa, alifika akiwa na mashemasi wawili wa parokia, wakasimama kati yake na watu mpaka habari zikatoka hospitalini. Kila pikipiki iliyosikika barabarani ilimfanya Lydie ashike zaidi kiuno cha mama yake. Hatimaye mmoja wa vijana akarudi: Toussaint anapumua. Moyo umeanza kutulia. Daktari amesikia maneno ya Bénit, amesema amekwisha kuona mambo ya dawa hiyo, alazwe, asiguse pombe. Jiwe likawekwa chini. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Asubuhi Mama Fortunée alibeba kinu mpaka ghalani, akasimama juu yake, akanyoosha mkono. Palikuwa na karatasi ya saruji tu.

Évariste alikiri hospitalini, mbele ya Toussaint na mke wake, analia. Alisema chupa ilikuwa imekaa miaka, alidhani imechacha, nguvu zimekwisha, kwa hiyo hakuona haja ya kumwambia mtu. Mama Fortunée alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulidhani imekufa?"

"Naam, shemeji. Kama maji tu."

"Kama ilikuwa imekufa, mbona weye hukunywa?"

Évariste alijua kiasi cha kujilinda, akajifanya hajui kiasi cha kumlinda mwenzake. Mwenye kosa la chupa ni aliyeitunza; mwenye kosa la kikombe ni aliyekishika kimejaa akimwangalia mwenzake akinywa. Ni makosa mawili, na moja halimwoshi mwenye lingine.

Na mizabibu iliamka. Mistari ya chini ilifumbuka kwanza, macho yote pamoja, kijani kibichi kizuri cha kuumiza moyo. Mistari ya juu, ya saumu, ilifuata baadaye kwa mwendo wake, na vichala vyake vikaiva kabla ya mvua. Basi haraka ile yote haikuwa na haja. Zabibu za chini zilipoiva hakuna aliyetaka kuzila. Watoto walipita njia wakasema, hizo njo za karuho, na ndege wakazimaliza. Évariste aliiacha mistari yake, akahamia Nyunzu kwa ndugu za mkewe. Haandiki, hapigi simu.

Toussaint alipona kabisa. Anamsalimu Mama Fortunée barabarani, na huwaambia watu kwamba daktari alimweleza kila kitu, kwamba kikombe kilikuwa safi. Watu wanamsikiliza kwa heshima. Lakini yeye alikuwa kifudifudi chini. Wao walikuwa wamesimama, na waliuona mkono ukirudi. Siku moja ya jua kali alipita akiwa amebeba mzigo, Lydie akamletea maji. Aliyashika, akayaangalia, akasema, "Daniella amenikataza, mutoto wangu. Unisamehe." Akayarudisha.

Hii ndiyo gharama ya nusu chupa: shemeji mmoja, mistari yote ya chini, na kikombe. Tangu siku ile hakuna mtu wa mtaa ule aliyekunywa chochote kilichotoka mkononi mwa Mama Fortunée, hata maji.